Jina la Baba Mkwe

Yeukai aliingia nchi hii, jirani ya kusini ya kwao, kwa ruhusa ya kutalii, ingawa hakutalii chochote zaidi ya majiko ya watu. Ruhusa ile ilimpa haki ya kutazama bahari na milima kwa muda mfupi, kisha arudi kwao Zimbabwe. Hakurudi. Baadaye akapata karatasi ya waomba hifadhi, iliyomruhusu kufanya kazi na kusoma lakini ikamkataza kuvuka mpaka hata kama mama yake mzazi anazikwa. Na mama yake alizikwa kweli, naye akamlilia katika chumba cha kupanga, huku amewasha redio kwa sauti ya juu ili majirani wasimsikie.

Kisha serikali ikatoa kibali maalumu cha Wazimbabwe. Hicho kilikuwa na afadhali. Ukiwa nacho unafanya kazi, unafungua akaunti benki, unavuka mpaka mchana kweupe kama mtu. Ila kilikuwa na masharti yake: miaka unayokaa nacho haihesabiki. Ukae kumi, ukae ishirini, mbele ya sheria bado umefika jana na begi lako begani.

Mtu huweza kuzoea kuwa amefika jana, na Yeukai alikuwa amezoea. Halafu akakutana na Lundi Dumezweni, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mrefu, mpole, mvivu wa maneno, aliyekuwa akija kula kwenye kibanda alichokuwa akipikia mahindi na maharage. Lundi alikula pale mpaka watu wakaanza kumwonea huruma mkewe, kumbe mke hana. Wajomba wa Yeukai walipanda basi kutoka Masvingo kuja kupokea ng'ombe wa mahari, wakalewa vizuri, wakaondoka wakiimba. Ndoa ikaandikishwa serikalini, na Yeukai akapata ruhusa nyingine, ya mke. Hii humpa mwanamke haki ya kuishi na mumewe, na ya kufanya kazi, alimradi ndoa iko hai. Ndoa ikitimiza miaka mitano, mwanamke anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, yaani ruhusa ya kutoomba ruhusa tena maisha yake yote.

Hiyo ndiyo aliyokuwa akiitamani. Alikuwa na binti sasa, Lelethu, aliyezaliwa nchini na kuhesabiwa raia kwa sababu ya baba yake. Nyumba nzima walikuwa wenyeji isipokuwa yeye. Akishinda mahojiano ya uhamiaji kuhusu ndoa yake, basi, yamekwisha. Akishindwa, ofisi itasema ndoa ni ya kununua, na hapo hata ile ruhusa ya mke itafutwa.

Lakini nyumbani kwa Lundi, kwenye vilima vya upande wa Tsolo, kulikuwa na ruhusa za namna nyingine, zisizo na mhuri wala picha, na afisa wake mkuu alikuwa MaBhele, mama yake Lundi. Makoti, kama wanavyomwita mke aliyeingia ukoo, huanza bila haki yoyote ya maana. Yeukai alikalishwa sakafuni nyuma ya mlango. Alifungwa kitambaa kilichoshuka mpaka nyusi, na blanketi mabegani hata jua likiwa la kuchoma. Alikatazwa kukatiza mbele ya zizi la ng'ombe, akawa anazunguka nyuma ya nyumba na ndoo yake kama mwizi. Alikatazwa maziwa mgando ya nyumba ile mpaka siku atakayopewa kwa mikono ya wenyewe. Jina lake la Yeukai liliachwa getini, akaitwa Nokwakha.

Na kulikuwa na katazo kubwa kuliko yote. Wifi yake, Nomaza, alimchukua nyuma ya tangi la maji, akamwinamia sikioni.

"Sikiliza, nakuambia mara moja tu. Baba mkwe wako anaitwa Mthunzi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa lisahau. Nimekuambia ili ujue cha kukwepa. Hilo hulitamki mpaka unakufa."

Mthunzi kwa lugha ya kule ni kivuli. Kwa hiyo tangu siku ile Yeukai hakutamka hata neno lenyewe la kivuli. Akitaka kumwambia mtu aketi kivulini, alisema aketi penye ubaridi. Mzee mwenyewe alimwita Mpinga, jina la heshima la ukoo mzima, kama walivyomwita majirani wote. MaBhele alimwita baba wa Lundi. Wajukuu walimwita babu. Ungeweza kukaa nyumba ile mwaka mzima usisikie jina la mzee hata mara moja.

Haki zilikuja moja moja. Kitambaa kilipandishwa kidogo. Mbuzi akachinjwa, MaBhele akammiminia maziwa mgando kwa mkono wake, akanywa akiwa amepiga magoti, na wazee wakasema sasa huyu ni wa hapa. Lelethu alipozaliwa akapewa funguo za ghala. Mwishowe MaBhele, mwanamke asiyesifu hata mvua, akawa anatamba naye kwa majirani.

"Makoti wangu katoka Zimbabwe huko, lakini ana adabu kuliko mabinti zenu wa hapa hapa. Wenu wanawaita wakwe zao kama wanaita teksi!"

Yeukai alisikia maneno hayo akiwa jikoni, akaficha uso kwenye mvuke wa sufuria. Alifurahi mno. Hakuna karatasi iliyowahi kumfurahisha hivyo.

*

Siku ya mahojiano walifika mjini mapema, wakapanga foleni na wengine. Lundi aliitwa kwanza, peke yake. Alipotoka alipitishwa mlango mwingine, wasionane, na Yeukai akaingizwa.

Afisa alikuwa mwanamke wa rika lake, Tyali kwa jina, kucha za zambarau, pete ya ndoa, macho ya mtu aliyedanganywa kwa miaka mingi akachoka kukasirika. Mezani kulikuwa na kinasa sauti chenye taa nyekundu.

"Hiki kinasikia kila kitu," alisema. "Mimi nauliza, wewe unajibu, bosi wangu anasikiliza ndio anaamua. Sawa, dada?"

"Sawa."

"Kitandani mumeo analala upande gani?"

"Wa ukutani. Anaogopa upepo wa mlangoni."

"Nani anakoroma?"

"Yeye. Lakini najua atakuwa amekuambia ni mimi."

Afisa Tyali alicheka bila kutaka. "Ndivyo alivyosema kweli. Jana mlikula nini?"

"Kabichi na mahindi. Yeye akaongeza pilipili, ikampalia, akasingizia mafua."

Mambo yakaenda vizuri. Aliulizwa rangi ya mlango wa mbele, jina la mbwa, kovu la Lundi liko mguu upi, nani alikuja kupokea ng'ombe wa mahari. Alijibu yote bila kujikwaa, mpaka mabega yake yakalegea chini ya blanketi. Alikuwa amekuja nalo, blanketi lake la makoti, kwa kuwa hajui kutoka nyumbani bila hilo.

"Jina la baba mkwe wako?"

"Mpinga."

"Hilo la ukoo. Hata dereva wetu ni Mpinga. Nataka jina lake yeye."

Yeukai alitazama kile kinasa sauti.

"Dada," alisema polepole, "wewe ni wa hapa. Unajua."

"Najua. Mimi mwenyewe makoti. Baba mkwe wangu ni marehemu, na nikipita mbele ya picha yake bila kitambaa mama mkwe ananinunia wiki nzima. Kule kwao silitamki. Lakini hapa si kwao, hapa ni ofisi."

"Siwezi."

"Sikia nikuambie kitu." Afisa aliegemea mbele. "Mwezi uliopita alikaa hapo hapo ulipo mwanamke mmoja. Kitambaa kama chako, blanketi kama lako. Namuuliza jina la baba mkwe, ananiinamishia kichwa, oo, adabu, oo, hatutamki. Nikamwonea huruma. Kumbe mume ni wa kununuliwa kwa ajili ya karatasi, hata kijiji cha huyo mume mwanamke hakijui. Sasa unaniambia nifanyeje? Kimya chake na kimya chako nitavitofautisha vipi?"

Yeukai mwenyewe aliona kwamba swali lile lina haki.

"Niandike, basi. Nipe kalamu."

"Hatukubali tena kuandika. Wanakuja na majina yameandikwa viganjani." Afisa alibonyeza kitu, taa nyekundu ikazimika. "Mama, mimi naamini wewe ni mke wa mtu. Nitasema ulijisikia vibaya. Rudi wiki ijayo, nitakuuliza swali hilo hilo moja. Ukinyamaza tena, mimi sina la kukusaidia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada. Ahsante."

*

Habari ilifika nyumbani kabla hawajavua viatu, kwa sababu Lundi, asiye na maneno, siku ile aliyapata. MaBhele alikuwa akipepeta maharage. Hakuacha.

"Serikali inataka jina la mume wangu ya nini? Inataka kumkopesha?"

"Mama, ni utaratibu," alisema Lundi.

"Utaratibu! Kama wanataka jina la mtu waje hapa, wakae chini, wanywe bia na sisi, watatambulishwa. Siyo kumkamua mtoto wa watu huko maofisini." Akamgeukia Yeukai. "Wewe funga mdomo wako, Nokwakha. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Yeukai alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alifua mapazia yasiyo machafu, akalima kipande cha bustani kilicholimwa, akamchana Lelethu nywele mpaka mtoto akalia. Akilala anaona mpaka wa Beitbridge, foleni yake, na yeye amesimama upande usio na mtu anayemjua. Mzee Mpinga alikuwa akishinda kwenye kiti chake upande wa ukuta usiopigwa na jua, akichonga fimbo. Alijua, bila shaka, lakini si jambo ambalo baba mkwe anazungumza na makoti. Yeukai akipita na ndoo anainamisha kichwa, mzee naye anainamisha kofia, basi.

Siku ya tatu au ya nne, Yeukai akikanda unga, Lundi alimjia jikoni akafunga mlango.

"Lazima utalisema," alisema. "Mimi sitaki mtoto alelewe na mama yake kwa simu."

"Najua."

"Tufanye mazoezi, basi, usije ukababaika mbele ya mashine. Baba anaitwa..."

Yeukai alimziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Usinitajie!"

"Sasa mke wangu, kama hata kulisikia..."

"Nalijua. Nomaza aliniambia zamani. Nitalisema mara moja tu, huko huko, halafu nitalisahau tena. Nikianza kulifanyia mazoezi hapa jikoni kwa mama nitalizoea. Sitaki nilizoee, Lundi."

Lundi alijifuta unga masharubuni. Angeweza kusisitiza. Mwanamume mwingine angesisitiza, lakini yeye alikuwa mtu wa kuacha mambo yapite, na hilo likapita kama mengine. "Haya," alisema. "Kama unalijua."

Asubuhi ya safari, Yeukai alikuta MaBhele ameshawasha moto mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu makoti aingie nyumba ile, na amekaa mbele yake na kitambaa kichwani.

"Kaa," alisema MaBhele. Yeukai akakaa sakafuni, mahali pake. "Hapana. Hapa, kwenye kigoda."

Yeukai akakaa kwenye kigoda. Mama mkwe alitazama moto.

"Jina likakuponyoke huko, basi. Sema. Uwaambie wakuache."

"Mama..."

"Usinikatize, nisije nikaghairi. Sema jina, urudi hapa na karatasi yako. Nitachachua bia, nitawaita wazee, nitawaambia waliolala makaburini kwamba ni mimi niliyekutuma. Lawama iwe yangu. Mimi na wao tunajuana, hawataniua." Akajipangusa pua kwa ncha ya shuka. "Lelethu hawezi kukuzwa na mimi. Mimi nina kisirani."

Yeukai alishika mikono ya yule mama, mikono mikavu yenye harufu ya maharage. Walilia wote wawili, wakiangalia pembeni, wasionane.

*

Taa nyekundu ikawaka.

"Swali lililobaki," alisema Afisa Tyali. "Jina la baba mkwe wako."

Yeukai alivuta blanketi. Alifungua kinywa, na jina alilolikwepa tangu siku ya kwanza ya ndoa yake likatoka, dogo, limekauka.

"Mthunzi."

"Kwa sauti, mama. Mashine haijashika."

"Mthunzi! Mthunzi Dumezweni."

Alijisikia kama amevua nguo barabarani. Lakini ilikuwa imekwisha. Alishusha pumzi, akangoja afisa atabasamu, agonge mhuri, amwambie nenda nyumbani.

Afisa Tyali hakutabasamu.

"Fikiria vizuri," alisema. "Hana jina lingine?"

Yeukai alishtuka. Huu sasa ni mtego, aliwaza. Wanataka waone kama natapatapa. Alinyoosha mgongo.

"Hana."

"Una hakika? Hakuna jina lolote lingine ulilowahi kusikia?"

"Hana, dada. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Hilo ndilo jina lake."

Afisa alizungusha kalamu mezani. "Mumeo alisema Templeton. Kitambulisho cha mzee kinasema Templeton. Cheti cha kuzaliwa cha mumeo, jina la baba, Templeton."

"Templeton ni nani?" aliuliza Yeukai.

Aliuliza kwa moyo safi, kama mtu anayeulizwa habari za mpita njia. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Afisa Tyali alifumba macho.

"Laiti usingeuliza hivyo," alisema.

Lundi alipoitwa akaelewa, alipiga ngumi paji la uso wake mwenyewe. Alieleza, akarudia, maneno yakamtoka yote aliyoyaweka akiba tangu utotoni. Mthunzi ndilo jina la kweli la baba, alisema, hili lingine ni la makaratasi tu, hakuna anayelitumia, wala mkewe hajawahi kulisikia likiitwa nyumbani. Yeye mwenyewe alilitaja kwa kuwa ni ofisini, na ofisini mtu husema la ofisini.

"Nakuamini, kaka," alisema afisa. "Ila yameshanaswa. Bosi wangu anasikiliza sauti, hanisikilizi mimi. Na sauti inasema mke hamjui baba mkwe wake, na akitajiwa anauliza ni nani."

Jibu lilikuja baada ya majuma kadhaa, fupi, lenye maneno ya heshima. Ukaazi wa kudumu umekataliwa. Ruhusa ya mke imefutwa, kwa kuwa ndoa haikuthibitika kuwa ya kweli. Rufaa ipo, ila ataikata akiwa kwao, na aondoke kabla ya mwisho wa mwezi.

*

Siku waliyorudi kutoka kwenye mahojiano, MaBhele alikuwa getini.

"Umelisema?"

"Nimelisema, mama."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Mashine haikushika ya kwanza."

MaBhele aliitikia kwa kichwa. "Haya. Mtama nimeshauloweka. Karatasi iko wapi?"

Lundi ndiye aliyesimulia. Yeukai alisimama akitazama vidole vya miguu yake. Ilipofika kwenye Templeton, MaBhele alishika mdomo. Alikuwa akilijua jina hilo, alisema baadaye akilia. Alilisikia mara moja moja, kwenye dirisha la pensheni, mzungu au kijana wa kompyuta akiliita, na mzee akinyanyuka. Hakuwahi kulihesabu kuwa ni jina. Alidhani ni namna tu wanavyoita foleni.

Mzee Mpinga, kwenye kiti chake cha ukutani, alikuwa amesikia yote. Aliweka kisu chini. Kwa mara ya kwanza tangu Yeukai aolewe, alimsemesha moja kwa moja.

"Mwanangu. Lile nilipewa getini kwenye mgodi wa dhahabu. Karani aliniuliza jina, nikamwambia. Akasema hilo hawezi kuliandika. Akatazama ukutani, kulikuwa na tangazo la duka la suti, akaniandikia lililokuwa pale." Alipangusa vumbi la mti magotini. "Lile si langu. Halina katazo lolote. Ungeniita hilo kutwa kucha, mbele ya ng'ombe, nisingegeuka."

Hapo ndipo Yeukai alipoketi chini kwenye vumbi. Alikuwa amechukua kitu kimoja kitakatifu alichopewa katika nyumba ile, akakipeleka serikalini, na serikali haikuwa hata inakitaka.

Bia ilichachuka, wazee wakaitwa, MaBhele akajitwika lawama kama alivyoahidi, kwa sauti isiyotetereka. Wazee walikunywa wakasema yamekwisha, waliolala wamesikia. Labda walisikia kweli. Lakini jioni ile MaBhele alipommiminia makoti wake bakuli la maziwa mgando, Yeukai alilishika kwa mikono miwili, akalitazama, akalirudisha taratibu.

"Kunywa," alisema MaBhele. "Wewe ni wa hapa."

"Sijisikii, mama."

"Nokwakha. Kunywa, nakuomba."

Hakuweza. Hakuna aliyemkataza sasa, wala hakuna aliyejua jinsi ya kumruhusu.

Aliondoka siku ya jua kali, lile la kuondoa mbwa barabarani. Lundi angemsindikiza mpaka mpakani, Lelethu angebaki, shule ilikuwa haijafunga, na karatasi za kumvusha mtoto zilikuwa jambo lingine lenye foleni yake. Nomaza alibeba begi mpaka kwenye gari lililokuwa linangoja chini ya kilima. MaBhele hakutoka ndani. Alisikika akipiga sufuria jikoni, akizisugua zilizo safi.

Yeukai alikuwa amejifunga kitambaa mpaka nyusi, kama siku ya kwanza. Alizunguka nyuma ya nyumba, asikatize mbele ya zizi, akafika ukutani, akapiga magoti mbali kidogo na kile kiti.

"Kaa salama, Mpinga."

Mzee alivua kofia.

Lelethu alikuwa uani, kichwa wazi, amekasirika, anapiga mawe kwa mguu. Hakutaka kukumbatiwa. Mama yake alimkumbatia hivyo hivyo, akamnusa utosini, akamfuta jasho usoni kwa blanketi.

"Usisimame juani, mwanangu," alisema. "Utaumwa kichwa. Nenda pale kwa babu, ukae penye ubaridi."

Kisha akashuka kilima. Mzee Mpinga alisikia alivyosema, na alichokwepa kusema. Alimvuta mjukuu wake kando ya kiti, akajifunika uso kwa kofia, akalia kwa sauti, mbele ya watu.